Oveni mpya nyumbani: mwongozo kamili wa kuizoea mpaka keki na mikate itoke inavyotakiwa (hasa kwa sisi wa Tabora)

Mwangaluka wote. Sa hivi hapa Tabora oveni zimeingia majumbani kweli, ukipita Isevya, Kanyenye, Ipuli huko, kama sio ile ndogo ya umeme ya kukaa mezani basi ni lile jiko la gesi lenye plati nne juu na oveni chini. Afu baada ya muda kidogo unamsikia mtu anasema jamani bora nilivyokuwa naoka kwa mkaa. Keki imeungua juu ndani rojo, au imepanda vizuri ikabonyea katikati, au mkate mgumu kama tofali. Anabadilisha resipi, anabadilisha unga, anabadilisha hamira, wapi.

Mara nyingi resipi haina kosa na oveni haijaharibika. Namba iliyoandikwa kwenye kitufe na joto lililomo mle ndani ni vitu viwili, ndo tatizo lenyewe. Oveni za nyumbani, hasa za bei ya kawaida, kupishana digrii 10 hadi 25 na kitufe chake ni jambo la kawaida kabisa, na hakuna muuzaji atakayekuambia. Kwa hiyo pima kwanza, oka baadaye. Mayai ni hela.

Kama umetoka kwenye mkaa

Aliyezoea kuoka na sufuria la mchanga, mkaa kidogo chini na mkaa mwingi juu ya mfuniko, ana ujuzi mkubwa ambao asiutupe. Anajua tayari kwamba moto wa chini na moto wa juu ni vitu viwili vya kupangiwa mbalimbali. Oveni ya umeme ni hivohivo, ina koili ya chini na koili ya juu.

Inapotofautiana ni kwenye mwendo wa moto. Mkaa unaanza mkali unapoa taratibu, kwa hiyo keki inapata moto mkali mwanzoni na wa upole mwishoni. Oveni inawaka, ikifika namba inajizima, ikishuka inawaka tena, hivo hivo mpaka mwisho. Kwa hiyo dakika zako za kwenye mkaa usizihamishie kwenye oveni, anza upya.

Hatua ya kwanza: pa kuiweka na pa kuichomeka

Angalia nyuma ya oveni kuna kibandiko kimeandikwa wati. Za mezani nyingi ni kati ya 1500 na 2000. Soketi zetu za pini tatu ni za ampea 13, yaani kwa umeme wa volti 230 inabeba kama wati 3000 hivi. Oveni peke yake ukutani, sawa. Ila oveni pamoja na jagi la umeme kwenye ekstensheni moja hiyo ni kama wati 4000, ekstensheni inayeyuka, na hizi nyembamba za bei chee hata oveni peke yake zinapata moto. Chomeka moja kwa moja ukutani. Plagi ikiwa ya moto ukiishika baada ya kuoka, ita fundi abadilishe soketi, usiseme itapoa.

Iache ipumue, kama sentimita 10 kila upande na juu pia. Isikae chini ya pazia, isikae juu ya meza ya plastiki, na usiweke vitu juu yake, watu wanapenda kuweka mkate wa chai juu ya oveni ukiwa kwenye mfuko wake wa nailoni, nailoni inagandia pale.

Hatua ya pili: ichome tupu

Toa kila kitu ndani, plastiki, maboksi, vibandiko, angalia hadi chini ya trei. Osha trei na wavu kwa sabuni, kausha. Fungua madirisha, washa koili zote mbili, peleka digrii 200 na kitu, iache tupu nusu saa mpaka saa moja. Itatoa harufu na moshi kidogo, ni mafuta ya kiwandani yanaungua, usiogope. Ikipoa futa ndani na kitambaa chenye maji. Ukiruka hii keki yako ya kwanza itanukia kiwanda.

Hapo hapo jifunze na taima. Oveni nyingi za mezani haziwaki kabisa kama hujazungusha kitufe cha dakika, watu wamerudisha oveni dukani wakidhani ni mbovu kumbe hawajazungusha. Na ukitaka dakika chache, tano labda, zungusha kwanza kupita kumi afu urudishe nyuma.

Hatua ya tatu: zile alama za kitufe

Kistari chini ni koili ya chini peke yake. Kistari juu ni ya juu peke yake. Vistari viwili ni juu na chini, na hapa ndo keki na mikate mingi inaokwa. Kile kistari cha kukunjakunja ni grili, ya kuchomea kuku na kubabua juu, sio ya keki. Kifeni ni feni inayozungusha hewa ya moto, ukiitumia punguza digrii 20 kwenye namba ya resipi kwa sababu hewa inayotembea inapika haraka zaidi, na juu kunakauka mapema. Keki laini mimi naokea bila feni, biskuti na feni.

Resipi ikiwa ya kimarekani inatumia digrii za Farenhaiti. 350 ya kwao ni kama 180 yetu, 325 ni kama 160, 400 ni kama 200. Ukiona resipi inasema 350 na oveni yako inaishia 250, ndo hiyo.

Hatua ya nne: kupima joto halisi

Themometa ya oveni ile ya kuning'iniza ndani ndo njia bora, ukipata mtu anatoka Dar au Mwanza muagize, haina bei kubwa. Ila usipokuwa nayo kuna njia ya sukari, na hii naipenda sana.

Sukari inayeyuka kwenye digrii 186 hivi. Sasa tengeneza kikombe kidogo cha foili, weka nusu kijiko cha chai cha sukari kavu, weka kwenye wavu wa katikati. Weka oveni 175, subiri ipate moto vizuri, afu hesabu dakika 15. Sukari inatakiwa ibaki punje punje. Kama imeyeyuka, oveni yako ni kali kuliko inavyosema. Kama haijayeyuka, weka sukari mpya, panda mpaka 190, dakika 15 tena. Hapa inatakiwa iyeyuke. Isipoyeyuka oveni yako ni baridi, endelea kupanda kumi kumi, 200, 210, mpaka pale inapoyeyuka. Ikiyeyuka kwenye 210 jua oveni yako iko nyuma kama digrii 20, kwa hiyo resipi ikisema 180 wewe weka 200. Angalia kuyeyuka, usiangalie rangi, maana hii sukari yetu yenye unjano inabadilika rangi kabla haijayeyuka.

Andika hilo jibu kwa maka penu kwenye karatasi ubandike ukutani. Utasahau.

Jambo lingine, ile taa ya oveni ikizima sio kwamba oveni iko tayari. Imezima kwa sababu hewa imefika namba, lakini kuta na wavu bado vina ubaridi, ukifungua mlango tu kuweka keki joto lote limeondoka. Ikizima mara ya kwanza ongeza dakika 10 hadi 15, iwake izime tena, ndo uweke.

Hatua ya tano: tafuta pembe kali

Nunua mkate wa slesi. Panga slesi zote kwenye wavu zifunike eneo lote, 180, juu na chini, dakika kama kumi, afu toa bila kuzichanganya upige picha na simu. Utaona zile za nyuma kushoto zimebabuka, za mlangoni nyeupe, au vinginevyo kutegemea na oveni. Geuza slesi uone na chini. Hiyo picha ndo ramani yako. Kila oveni ina pembe yake kali, hata za bei mbaya, na dawa yake ni kugeuza trei nusu duara muda ukishapita robo tatu, sio kabla. Afu slesi unazila na chai, hakuna hasara.

Umeme wenyewe sasa

Hii wengi hawaifikirii. Nguvu ya koili haishuki sawasawa na volti, inashuka zaidi. Umeme ukitoka 230 ukaja 200, oveni inabaki na kama robo tatu tu ya nguvu yake. Saa moja jioni kila nyumba imewasha taa, tivii, pasi, ndo wewe unaoka keki ya besdei, oveni inachelewa kupata moto, keki inakaa muda mrefu kwenye joto dogo, inapanda inachoka inashuka. Ukiona taa za nyumbani zimefifia usianze kuoka. Asubuhi au saa nane mchana ni nzuri zaidi.

Umeme ukikatika keki ikiwa ndani, USIFUNGUE mlango. Oveni inashika joto kwa muda, na kama keki ilishapita nusu ya safari inaweza kumalizikia humo humo. Chomoa plagi ili umeme ukirudi na kishindo usiiunguze, ukishatulia washa upya. Na angalia sana, ile taima ya kuzungusha inatembea kwa springi, haihitaji umeme, kwa hiyo itaendelea kuhesabu na itapiga ting! keki ikiwa mbichi. Ongeza muda kwa kuangalia kijiti unachochomeka katikati ya keki kama kinatoka kikavu, sio kwa saa.

Kuhusu LUKU, oveni ya wati 1500 ikiwaka mfululizo saa nzima ni uniti moja na nusu, ila kwa vile inawaka na kuzima, keki moja tangu kupasha mpaka kutoa inakula kama uniti moja. Walio kwenye ile tarifu ya matumizi madogo ya uniti 75 kwa mwezi ndo wapige hesabu kabla ya kupokea oda. Na ukishaipasha oka vitu viwili vitatu mfululizo, kupasha ndo kunakula.

Hatua ya sita: keki ya kujaribia

Usianze na keki ya ngazi tatu. Anza na ya kawaida, hiyo hiyo kila mara, mpaka uielewe oveni. Siagi au Blue Band gramu 200, sukari gramu 200, unga wa ngano gramu 200, mayai manne ya kisasa (ya kienyeji ni madogo, weka matano), bekingi pauda kijiko cha chai kimoja na robo, maziwa vijiko vya chakula vinne, vanila. Piga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe, ingiza yai moja moja, chekecha unga na bekingi pauda, changanya taratibu, maziwa mwisho. Kibati cha sentimita 20, jaza nusu mpaka theluthi mbili, sio zaidi.

Utaona bekingi pauda nimepunguza na maziwa nimeongeza kidogo. Tabora tuko kama mita 1200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko Dar au Tanga, kwa hiyo mapovu ya bekingi pauda yanavimba zaidi na haraka zaidi, keki inapaa kabla haijashika, inabonyea. Na maji yanakauka upesi, hapa yanachemka kwenye digrii 96 hivi badala ya 100. Kwa hiyo resipi uliyoipata kwa mtu wa Pwani, kwenye kila kijiko cha bekingi pauda toa robo au hata chini ya robo, ongeza kijiko kimoja viwili vya maziwa, basi. Wenzetu wa Kigoma mjini wako kandokando ya ziwa, Tanganyika lenyewe liko kama mita 770, wao wanaweza kuiacha resipi ilivyo. Kasulu na Buhigwe huko milimani wafanye kama sisi.

Oka 175 ya kweli, yaani ile uliyoipima, wavu wa katikati. Kwenye oveni ndogo ya mezani shusha ngazi moja maana koili ya juu iko karibu mno. Kibati kisiguse ukuta, acha vidole viwili kila upande hewa ipite. Dakika 40 mpaka 50. Usifungue mlango kabla ya dakika 30, kama kuna kioo chungulia, watoto waambie wakae mbali na mlango. Ikianza kunukia na kingo zinaachia kibati, ingiza kijiti katikati, kikitoka kikavu au na vipunje viwili vitatu, toa. Iache kwenye kibati dakika kumi ndo uitoe.

Kibati chenyewe nacho kina maneno. Cheusi kinanyonya joto, chini na pembeni zinaungua mapema, punguza digrii 10 hadi 15. Cha kioo pia punguza. Sufuria ya aluminiamu inayong'aa ni salama, ile isiyo na mkono.

Kuisoma keki ikitoka

Imepasuka juu ina mlima katikati: joto kali, nje imeshika kabla ya ndani kupanda. Punguza 10 mpaka 15, au shusha wavu.

Imebonyea katikati: umefungua mapema, au oveni baridi, au bekingi pauda nyingi. Hizi tatu zinafanana, kwa hiyo badili kimoja kimoja, ukibadili vyote siku moja hutojua dawa ilikuwa ipi.

Juu imeiva ndani rojo: wavu uko juu mno. Funika foili juu ukishaona rangi inatosha, endelea kuoka.

Chini imeungua: weka trei tupu kwenye ngazi ya chini kabisa ikinge moto, au panda ngazi moja. Nyeupe juu lakini imeiva: kitufe kiko kwenye koili ya chini peke yake, hii inatokea sana, mtu anageuza bila kuangalia.

Kavu kavu: imekaa muda mrefu kwa sababu joto ni dogo. Watu wanadhani ukavu ni moto mkali, mara nyingi ni kinyume chake.

Mikate na skonzi

Mkate unataka moto kuliko keki. Pasha mpaka 220 vizuri kabisa, nusu saa hata, trei iwe ndani inapata moto. Ukiweka mkate, mwaga nusu kikombe cha maji ya moto kwenye kitrei cha chini ufunge haraka (jikinge mkono, mvuke unachoma, na maji yasidondokee kioo cha mlango), mvuke unafanya ganda lichelewe kukauka mkate upande vizuri. Baada ya dakika 15 shusha 200. Umeiva ukigonga chini unalia kama tupu. Wenye themometa ya kuchoma, katikati iwe 92 mpaka 94. Resipi nyingine zinasema 96 au zaidi, kwa hapa Tabora usisubiri hiyo, maji yenyewe yanachemkia hapo hapo, utaukausha bure. Na ukitaka kujua kama themometa yako ni nzima itumbukize kwenye maji yanayochemka, ikisoma 96 iko sawa.

Septemba na Oktoba joto letu mnalijua, donge linaumuka nusu ya muda ulioandikwa. Angalia ukubwa, likishakuwa mara mbili oka, likizidi linaangukia ndani ya oveni. Tumia maji ya baridi na hamira pungufu. Juni na Julai usiku kibaridi, weka donge ndani ya oveni iliyozimwa, na taa yake ya ndani kama ipo, panatosha.

Wenye gesi

Fungua mlango wa oveni kwanza, washa kiberiti kwanza, gesi ndo ifuate. Ukifungua gesi isipowaka, funga, acha mlango wazi dakika kadhaa, ndo ujaribu tena. Ukisikia harufu ya gesi ndani usiguse swichi ya taa, funga mtungi, fungua madirisha.

Moto unatoka chini tu, kwa hiyo chini inaungua juu nyeupe, hilo ni umbile lake. Weka wavu ngazi ya juu ya katikati, trei tupu chini. Kama kitufe hakina digrii kina namba moja mpaka nane tu, namba 4 mara nyingi ni kama 180 na 6 ni kama 200, lakini hizi namba ndo za kutoaminiwa kabisa, fanya jaribio la sukari kwa kila namba unayoitumia. Na usitandike foili kwenye sakafu ya oveni, iwe ya gesi au ya umeme. Foili inaziba njia ya hewa, kwa gesi hiyo ni hatari.

Keki ya asali

Hii nimeiacha mwisho kwa sababu ndo inayowashinda watu baada ya yote hayo, na ukiwa Tabora utaoka na asali tu, asali ya miombo tunayo, ya Sikonge, ya Urambo. Asali inababuka mapema kuliko sukari. Ukiokea kwenye joto la keki ya kawaida juu itakuwa nyeusi kabla ndani haijashika. Shusha mpaka 160, oka muda mrefu zaidi, na foili iwe karibu. Badala ya kikombe kimoja cha sukari weka robo tatu kikombe cha asali, punguza maziwa vijiko vitatu vya chakula kwa sababu asali ni maji pia, na ongeza robo kijiko cha chai cha bekingi soda maana asali ina uchachu. Kama asali imeganda ipashe kwenye bakuli la maji ya moto, usiiweke jikoni moja kwa moja. Ikitoka iache ipoe kabisa, ifunge kwenye foili, ukate kesho yake, siku hiyo hiyo inamong'onyoka ila ikilala asali inavuta unyevu inakuwa laini, na inakaa siku kadhaa bila kukauka, kwa hiyo kwa oda za harusi ioke mapema usihangaike usiku wa mwisho.